Udongo wenye madini ya risasi haungoji hukumu

Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa mabati kule Mikindani, Mombasa, uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichoacha risasi, ile metali nzito yenye sumu, kwenye udongo wao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilikuwa imetoa fidia hiyo Julai 2020, kisha Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Phyllis Omido, aliyesukuma kesi hiyo pamoja na CJGEA, shirika la kutetea haki za mazingira, alipewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015. Habari za mahakamani zimeandikwa sana. Udongo wenyewe umeandikwa kidogo: mtaa ukishapata hukumu, au hata kabla haujamtafuta wakili, ardhi ile unaifanyaje?

Risasi haiozi, haiungui, wala mvua haiimalizi. Chembe iliyotoka kwenye bomba la tanuru miaka kumi na mitano iliyopita bado ipo kwenye sentimita chache za juu za udongo, imeshikwa na mfinyanzi na mboji. Kwa hiyo kazi yote ya ardhi ya namna hii ni kukata njia kati ya udongo na mdomo wa mtoto. Mtoto anayetambaa hula vumbi siku nzima kupitia vidole vyake, na Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Akiwa na njaa, au akiwa na upungufu wa madini ya chuma, hufyonza zaidi. Mkandarasi akikuletea mpango, muulize kila hatua inakata njia gani. Asipojibu, hatua hiyo ni mapambo.

Ukitaka kujua uchafu kidogo unafika wapi, chukua betri moja ya gari. Ina takriban kilo 10 za risasi, yaani miligramu milioni 10. Ikisagika yote na kusambaa, inatosha kufikisha tani 50 za udongo kwenye kiwango cha miligramu 200 kwa kilo. Vumbi likikaa kwenye sentimita 2.5 za juu tu, eneo hilo ni kama mita za mraba 1,500, zaidi ya ploti tatu za futi 50 kwa 100. Ndiyo maana fundi anayevunja betri uani kwake si jambo dogo. Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Betri zilikuwa zikivunjwa mitaani, na watu walichimba na kuchekecha udongo ule ili wapate risasi ya kuuza, wengine wakaupeleka hadi majumbani.

Kupima udongo

Anza na karatasi kabla ya jembe. Chora mtaa na utie alama lango la kiwanda, uzio, mtaro unaotoka ndani, njia ya malori, mahali mabaki ya tanuru yalipomwagwa, yadi za skrepa, shule, viwanja vya watoto na nyumba za waliokuwa wafanyakazi. Nyumba hizo husahauliwa kila mara, ingawa mfanyakazi aliyerudi na ovaroli yake alibeba vumbi hadi kitandani. Halafu fikiria upepo. Pwani kusi hupeleka vumbi upande wa kaskazini, na kaskazi hulipeleka kusini-magharibi, kwa hiyo ukipima upande mmoja tu wa kiwanda umepima nusu ya mwaka.

Gawanya ramani kwa maeneo ya uamuzi, yaani kila kipande ambacho kitatendewa jambo moja: uwanja mmoja wa kuchezea, ua mmoja, bustani moja. Ndani ya kila kipande chukua vijisampuli vitano hadi kumi vilivyotawanyika, uvichanganye kwenye ndoo ya plastiki, kisha utoe nusu kilo. Mahali watoto wanapocheza, kina ni sentimita 2.5 za juu. Mahali pa kulima, ni sentimita 15. Mahali tindikali ya betri ilipomwagwa nenda chini zaidi, hata nusu mita, kwa sababu tindikali huilegeza risasi ikashuka. Usichanganye udongo wa mtaro na wa ua kwenye ndoo moja. Wastani wake utaficha mtaro na kuuonea ua, na mtu wa upande wa pili atautumia wastani huo dhidi yenu.

Vifaa havina gharama kubwa: mwiko wa chuma kisichoshika kutu (usio na rangi), glavu, sabuni, maji safi na mifuko ya plastiki inayofungika. Osha mwiko na ndoo kati ya kipande na kipande. Kwenye mfuko andika namba, tarehe, kina na namba za GPS za mahali kutoka kwenye simu. Katika kila sampuli kumi, moja itoe mara mbili na uipe namba nyingine ambayo maabara haitaitambua. Majibu ya mapacha hao yakitofautiana sana, kuna tatizo ama kwenye uchanganyaji wako ama kwenye maabara. Chukua pia sampuli moja au mbili mbali na kiwanda, nje ya njia za upepo, ili ujue udongo wa asili wa hapo ukoje. Kisha gawa kila sampuli nusu kwa nusu, nusu moja ifungwe kwa lakiri, isainiwe na mashahidi wawili na ihifadhiwe. Inaweza kupimwa tena miaka kumi baadaye mbele ya hakimu na jibu likawa lile lile.

Kausha udongo kivulini na uondoe mawe. Waombe maabara wauchekeche mpaka wapate chembe zilizo chini ya mikroni 150 (milimita 0.15), maana hizo ndizo zinazoganda kwenye mikono ya watoto, na mara nyingi ndizo zenye risasi nyingi zaidi. Kuna kifaa cha mkononi cha eksirei kinachosoma udongo kwa dakika moja au mbili, na kwa kuchora ramani ya haraka hakina mpinzani. Bei yake ni maelfu mengi ya dola, hivyo kwa kawaida huazimwa au hukodishwa pamoja na mtu wa kukiendesha. Udongo wenye maji hukifanya kisome chini ya ukweli. Kikitumika asubuhi baada ya mvua, ramani nzima itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Kwa kila vipimo ishirini vya kifaa, peleka angalau kimoja maabara.

Barua ya majibu isomeni kwa makini. Miligramu kwa kilo ni sawa na sehemu kwa milioni, na 10,000 ni asilimia 1 kamili. Ulizeni kama udongo uliyeyushwa kwa asidi kali kabla ya kupimwa. Kuna mtego mmoja ambao umewapitia wengi: ripoti inayosema udongo "umefaulu" kwa kuwa maji yaliyochujwa kutoka humo yana risasi chini ya miligramu 5 kwa lita. Kipimo hicho ni halali, ila kimetungwa kuamua taka zizikwe kwenye jalala la aina gani. Hakisemi lolote kuhusu mtoto anayekula udongo wenyewe.

Udongo wa kawaida huwa na risasi miligramu 10 hadi 50 kwa kilo. Kwa miaka mingi Marekani ilitumia 400 kama kiwango cha kustuka mahali watoto wanapocheza, na Januari 2024 ikakishusha hadi 200, au 100 pale penye vyanzo vingine vya risasi, ingawa hicho cha 100 kiliondolewa mwaka 2025. California hutumia 80. Mimi huyasoma majibu hivi: chini ya 80 tuendelee na maisha, kati ya 80 na 200 hakuna udongo mtupu unaoachwa wazi, juu ya 200 kipande kinafunikwa, na juu ya 1,000 karibu na watoto kinazungushiwa ua wiki hiyo hiyo. Si sheria ya nchi yoyote, lakini huondoa mabishano ya vikao.

Kabla fedha hazijafika

Kwa shilingi inayotumika, sakafu ya saruji ndiyo kinga bora niijuayo kwenye nyumba yenye sakafu ya udongo. Chumba cha mita 3 kwa 3, unene wa sentimita 5, kinataka takriban mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwanza mwagia maji kidogo, ukwangue vumbi lililolegea ulitie kwenye kiroba, kisha ushindilie. Sakafu inayomwagwa juu ya vumbi lisiloshindiliwa hupasuka ndani ya mwaka, na vumbi huibukia kwenye nyufa. Imwagilie maji kwa siku saba.

Kufagia kukavu kukome. Ufagio hulirusha hewani vumbi lile jembamba zaidi, kisha likatua kwenye vyombo. Pigeni deki kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuza, na maji machafu yamwagwe chooni, si uani. Viatu vibaki mlangoni. Nguo za anayefanya kazi kwenye skrepa zifuliwe peke yake. Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Hatua ya mwisho hiyo hupuuzwa kwa kuwa haigharimu kitu.

Paa la mabati lililokaa karibu na tanuru ni bakuli la vumbi, na maji ya gata hulipeleka tangini. Paa la mita za mraba 20 likipata milimita moja ya mvua hutoa lita 20, dumu moja. Baada ya kiangazi kirefu dumu moja halitoshi, kwa hiyo achia mvua yote ya kwanza ipite pembeni. Tope la chini ya tangi liondolewe na lisimwagwe kwenye bustani. Kuchemsha maji hakusaidii hapa. Risasi haitoki na mvuke, na maji yakipungua sufuriani yanayobaki huwa na risasi nyingi zaidi kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, na kipimo cha maabara ndicho pekee kitakachokuambia mko wapi.

Chakula nacho kina nafasi yake, japo hakichukui nafasi ya sakafu. Mtoto asikae na njaa saa nyingi, na apate dagaa, maharagwe, maziwa na matunda. Madini ya chuma na kalisi hushindana na risasi tumboni.

Damu, na mpangilio wa kazi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka chanzo kitafutwe mtu akiwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu. Mtoto akifika 45, atibiwe kwa dawa za kuvuta risasi mwilini. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Damu ya kidoleni hupima haraka lakini hudanganywa kirahisi, maana vumbi la ngozini likiingia kwenye tone, mtoto mzima huonekana mgonjwa mahututi. Mikono ioshwe kwa sabuni, kidole kifutwe, tone la kwanza lipanguswe, na jibu lolote la juu lithibitishwe kwa damu ya mshipa iliyowekwa kwenye chupa isiyo na risasi.

Damu husimulia wiki na miezi ya karibuni. Nusu ya risasi iliyomo kwenye damu huondoka kwa takriban mwezi mmoja, nyingine huhamia kwenye mifupa na kukaa miongo. Familia iliyohama miaka miwili nyuma inaweza kupata jibu la chini, na wakili wa upande wa pili akalitumia kusema haikuwahi kudhurika. Pimeni mapema na muweke nakala za majibu.

Sasa suala la nini kitangulie. Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa vijijini walikosaga mawe ya dhahabu yenye risasi ndani ya nyua zao. Madaktari wa shirika la misaada la Médecins Sans Frontières walileta dawa, lakini hawakutaka kumtibu mtoto anayerudi kwenye ua mchafu, kwa kuwa angejaa risasi tena. Ilibidi nyua zisafishwe kwanza, na wanakijiji wenyewe walifanya kazi hiyo kwa majembe na magunia: wakakwangua udongo wa juu, wakauzika mahali pamoja, wakarudishia udongo safi. Kijiji cha Bagega kilingoja fedha za serikali hadi 2013, na matibabu yakangoja nayo. Kwa hiyo serikali ya kaunti ikija na gari la kliniki na vidonge bila beleshi, ulizeni udongo utasafishwa lini.

Kuchimba au kufunika

Wengi hudai udongo wote uchukuliwe. Nawaelewa, lakini fanya hesabu. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Ukitoa sentimita 15 unapata mita za ujazo 607, karibu tani 800, yaani safari 80 za lori la tani 10. Zinaenda wapi? Mara nyingi huenda kwenye shimo la machimbo karibu na mtaa mwingine wa watu maskini, na baada ya miaka mitano wao ndio watakaokuwa mahakamani. Lori likiondoka bila karatasi ya mahali liendapo, udongo huo utauzwa kama kifusi cha kujazia viwanja. Vivyo hivyo mabaki ya tanuru, ambayo ni magumu na meusi na yanapendeza kwa kujazia mashimo ya barabarani.

Kwa hiyo panapokaa watu mimi hupendelea mchanganyiko: yale madoa makali kabisa yachimbwe na kupelekwa kwenye jalala lililotengenezwa na kupewa leseni kwa taka za sumu, na palipobaki pafunikwe vizuri. Kufunika vizuri kuna maana yake. Ardhi isawazishwe na ipewe mwinamo wa asilimia 2 kutoka kwenye nyumba. Juu yake utandikwe wavu wa plastiki wa rangi ya chungwa, ili yeyote atakayechimba siku zijazo akiuona ajue chini kuna nini. Kisha zije sentimita 30 za udongo safi na nyasi, au sentimita 50 hadi 60 pale watu wanapoweza kuchimba. Njia na masoko hufaa kabro (matofali ya zege ya kutandaza) juu ya sentimita 5 za mchanga na tabaka lililoshindiliwa. Wavu ndio kitu cha kwanza ambacho mkandarasi hukikata ili kupunguza gharama, wakati ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Udongo unaoletwa nao upimwe kabla haujamwagwa. Nimeona mipango mizuri ikiandika "udongo safi" bila kusema unatoka wapi, na huo unaweza kuwa umekwanguliwa pembezoni mwa barabara kuu. Sampuli mbili kwa kila chimbo zinatosha kuanzia. Halafu kosa kubwa kuliko yote ni kufunika kabla ya kupima kilichobaki baada ya kuchimba. Kikishafunikwa, hakuna atakayekuonyesha ushahidi kwamba doa liliondoka.

Wakati wa kazi, anzeni juu ya mteremko mkishuka, na upande unakotoka upepo. Nyunyizeni maji ya kutosha kutuliza vumbi bila kutengeneza vijito. Malori yafunikwe kwa turubai na magurudumu yaoshwe kabla ya kutoka, kazi isimame upepo ukizidi, na wafanyakazi wavae barakoa za kuchuja vumbi za daraja la N95 au P2. Za kitambaa hazifai. Kula na kuvuta sigara kufanyike nje ya uzio baada ya kunawa.

Kuna njia ya kuifunga risasi pale pale kwa fosfeti, chumvi ya fosforasi, ambayo huigeuza kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi tumboni. Mtaa wa South Prescott, Oakland, California, ulitibiwa kwa unga wa mifupa ya samaki. Ni sayansi ya kweli, lakini angalia kiasi. Majaribio ya shambani yametumia hata asilimia 1 ya fosforasi kwa uzito wa udongo. Mita moja ya mraba kwa kina cha sentimita 15 ni kama kilo 195, kwa hiyo unahitaji karibu kilo 2 za fosforasi, ambazo ni kama kilo 10 za TSP, mbolea ya fosfeti ya dukani. Kwa ile eka moja ni tani 40. Fosfeti ikizidi husombwa hadi kwenye mikoko na vijito, na kama udongo una aseniki, sumu nyingine, fosfeti huilegeza. Fosfeti ya mawe ya Minjingu, Tanzania, ina urani ya asili, kwa hiyo si ya kumwagwa kwa tani bila ushauri. Kwa ua mdogo, sawa. Kwa mtaa, funika.

Alizeti? Hapana. Kila mwaka mtu huja na mradi wa kupanda alizeti ili zifyonze sumu. Risasi imeshikamana na udongo, na mmea huchukua kidogo mno. Ungevuna kwa miongo mingi, na kila zao lingekuwa taka ya sumu inayotafuta mahali pa kwenda. Picha za uzinduzi hutoka nzuri.

Ardhi itumike kwa nini

Ardhi iliyofunikwa hufaa soko lenye kabro, maegesho, ghala, karakana, au paneli za jua zinazokaa juu ya vitalu vya zege bila kuchimbiwa. Shule ya chekechea, uwanja wa watoto na nyumba za sakafu ya udongo ziwe za mwisho kabisa, na ziruhusiwe tu baada ya vipimo vya uthibitisho.

Kilimo kinawezekana kwa masharti. Tengeneza vitanda vilivyoinuliwa sentimita 30 au zaidi, kitambaa kizito kikitangulia chini na udongo uliopimwa juu yake. Mbao zilizopakwa rangi ya zamani zisitumike kwenye kingo. Mboga za majani kama mchicha na sukuma wiki hurukiwa na tope kila mvua ikinyesha, na mihogo, viazi na karoti hutoka na udongo kwenye ganda. Nyanya, bilingani na pilipili ni salama zaidi kwa kuwa tunda hupokea kidogo. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 0.3 za risasi kwa kilo ya mboga za majani na 0.1 kwa mizizi, mkitaka kuipa maabara kazi. Na kuku! Kuku wa kienyeji hupekua udongo kutwa na kuumeza, na risasi huingia kwenye yai. Wafungiwe kwenye banda lenye sakafu, au mayai yapimwe kabla hayajawa chakula cha watoto.

Jambo jingine la haki ni hati. Wakazi wengi wa mitaa kama hii hawana hati ya ardhi wanayoishi. Eneo likishasafishwa bei hupanda, na mwenye ploti hugundua ghafla kwamba anataka kujenga. Makubaliano ya kubaki, au ya kuhamishwa kwa masharti yanayojulikana, yaandikwe kabla tingatinga halijawashwa. Mipaka ya kilichofunikwa iandikwe kama kizuio kwenye rejista ya ardhi, ili mnunuzi wa kesho asichimbe choo katikati ya sumu.

Kisheria, Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba kuna aliyekwisha kudhurika. Usingoje mtoto augue. Ripoti ya tathmini ya mazingira na vipimo vya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, viombwe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku 21 kujibu. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Tanzania mlango ni shirika la taifa la mazingira, linalojulikana zaidi kwa jina la NEMC, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Mvua

Yote haya yanaweza kuharibika kwa usiku mmoja. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2023 na zile za masika ya 2024 zilionyesha jinsi maji yanavyopita Kenya siku hizi, na maji yanayopita juu ya doa la risasi huibeba hadi kwenye ua uliokuwa safi. Mtaro ndio barabara yake. Uwe na mashimo ya kutuliza tope kabla haujafika kwenye nyumba, yazolewe kabla ya kila msimu wa mvua, na tope hilo lihesabiwe kuwa taka ya sumu mpaka maabara iseme vinginevyo. Kwenye miteremko, nyasi ya vetiva ikipandwa kwa mistari iliyobanana hushika udongo kuliko ukuta wa mawe uliojengwa haraka.

Baada ya mafuriko, tope lililobaki ndani ya nyumba litolewe likiwa bado bichi. Likikauka huwa vumbi. Chukueni sampuli ya tope jipya kwenye vile vipande vya ramani, kina kile kile, kwa namba zile zile, mlinganishe na za mwanzo. Kagueni kingo za kifuniko, maana maji huanza kula pembeni na chini ya mabomba ya gata. Rangi ya chungwa ikionekana mahali popote, unene umekwisha. Ziba siku hiyo, na kwa hilo inahitajika shehena ya lori moja la udongo uliopimwa, iliyorundikwa mapema chini ya turubai. Agizeni lori hilo Februari, kwa sababu ikifika Aprili barabara za ndani ya mtaa hazipitiki.